Kuhesabu Ndege Wawindaji Wakati wa Vuli: Somo kwa Wakazi wa Taita Taveta

Neno vuli lina maana mbili katika Kiswahili. Kwa mkulima wa Taita Taveta, vuli ni mvua fupi zinazotazamiwa kuanzia Oktoba na kushika kasi Novemba na Desemba. Kwa anayesoma habari za nchi za kaskazini, vuli ni majira yanayofuata yale ya joto, wakati majani ya miti yanapopukutika na baridi kuanza kuingia. Kwa ndege wawindaji wanaohama, maana hizo mbili ni safari moja. Huondoka huko wakati vuli ya baridi inapoanza, na hufika huku wakati vuli ya mvua inaponyesha.

Kila mwaka maelfu ya ndege hao hupita juu ya mashamba, ranchi na hifadhi za kaunti hii. Watu wengi huwaona na kuendelea na shughuli zao. Somo hili linaeleza ndege hao ni akina nani, wanatoka wapi, na kwa nini mtu mwenye daftari na kalamu anayewahesabu kwa utaratibu anafanya kazi yenye faida kwa mkulima, mfugaji na vizazi vijavyo.

NDEGE WAWINDAJI NI WEPI?

Ndege wawindaji ni wale wanaokamata au kula nyama kwa kutumia kucha zenye nguvu na mdomo uliopinda. Kundi hili lina tai, kozi, vipanga, mwewe na tumbusi. Wengine ni wenyeji: huzaliana hapa na huonekana mwaka mzima. Wengine ni wageni wa msimu, nao ndio wanaohusika zaidi na hesabu ya vuli.

Wageni watatu wanafaa kujulikana na kila mkazi.

Wa kwanza ni tai wa nyika za Asia. Ni ndege mkubwa wa rangi ya kahawia anayezaliana katika mbuga za nyasi kuanzia Urusi na Kazakhstan hadi Mongolia. Ingawa ni mkubwa, hadharau windo dogo. Kumbikumbi wanapotoka ardhini baada ya mvua, tai hawa huonekana wakitembea chini kama kuku, wakiokota mmoja mmoja. Tangu mwaka 2015 ndege huyu amewekwa katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka.

Wa pili ni kozi wa Amur, aliyepewa jina la mto ulio mpakani mwa Urusi na China. Uzito wake ni takriban gramu 150 tu, pungufu ya robo kilo ya sukari. Hata hivyo, husafiri kutoka mashariki ya mbali ya Asia, hupitia India, huvuka Bahari ya Hindi, kisha hufuata mvua kupitia Afrika Mashariki hadi kusini mwa Afrika. Katika nyika ya Tsavo huonekana hasa Novemba na Desemba, mara nyingi mbele au nyuma ya wingu la mvua, akinasa wadudu hewani.

Wa tatu ni kestreli mdogo, kozi mwembamba anayetoka Ulaya ya kusini na Asia ya kati. Hupenda maeneo ya wazi yenye nyasi, ambako hukamata panzi, nzige na wadudu wengine. Mara nyingi husimama hewani mahali pamoja huku akipiga mabawa, akitazama chini.

Faida yao kwa mkulima ni rahisi kuiona. Chakula chao kikuu ni panzi, nzige, kumbikumbi, panya na ndege waharibifu wa nafaka. Hawawezi peke yao kumaliza uvamizi kama ule wa nzige wa jangwani ulioingia Kenya mwishoni mwa mwaka 2019, lakini hufanya kazi hiyo kila siku bila malipo, mwaka wenye nzige na mwaka usio na nzige.

NJIA WANAZOPITA

Tai na vipanga wakubwa hawasafiri kwa kupiga mabawa mfululizo, kwani wangechoka kabla ya kumaliza hata robo ya safari. Hutumia hewa ya moto. Jua linapopasha ardhi, hewa iliyo karibu na ardhi hupata joto, huwa nyepesi na kupanda juu. Ndege huingia ndani ya hewa hiyo, hutandaza mabawa na kuzunguka huku akiinuliwa kama mtu aliye kwenye lifti. Akifika juu kabisa, hunyoosha safari na kuteleza kwa kilomita kadhaa akishuka polepole, hadi apate hewa nyingine inayopanda.

Juu ya bahari hewa ya namna hiyo ni haba. Kwa hiyo ndege wakubwa hukwepa maji mengi na kutafuta mahali ambapo nchi kavu imekaribiana. Matokeo yake ni kwamba ndege waliotawanyika katika nchi nyingi hujikuta wamebanwa katika njia nyembamba, na hapo ndipo wanapoweza kuhesabiwa.

Mfano mmojawapo ni mji wa Batumi nchini Georgia, ulio kati ya Bahari Nyeusi na milima ya Kaukazi. Tangu mwaka 2008 wahesabuji wa kujitolea hukaa kwenye vilima vya karibu na mji huo kuanzia Agosti hadi Oktoba. Kwa kawaida huhesabu zaidi ya ndege wawindaji milioni moja katika msimu mmoja. Wageni hao hulala katika nyumba za wanakijiji na kulipia malazi na chakula, kwa hiyo ndege wanaopita angani huacha fedha kijijini.

Mfano wa pili uko karibu na Kenya. Ni mlangobahari wa Bab-el-Mandeb, kati ya Yemen na Jibuti, ambako Bara Arabu na Afrika zimetenganishwa na maji ya upana wa takriban kilomita 30. Katika vuli ya mwaka 1987, wahesabuji waliokaa upande wa Jibuti kuanzia mwanzoni mwa Oktoba hadi Novemba waliandika zaidi ya ndege wawindaji 240,000 waliovuka kuingia Afrika. Kati yao, zaidi ya 76,000 walikuwa tai wa nyika za Asia. Sehemu ya ndege wanaovuka hapo huendelea kusini kupitia Ethiopia hadi Kenya na kwingineko.

Kozi wa Amur hafuati sheria hiyo. Mabawa yake membamba yaliyochongoka humwezesha kupiga mbawa kwa muda mrefu, na upepo wa msimu unaotoka kaskazini mashariki humsukuma kutoka nyuma. Ni upepo ule ule wa kaskazi uliowaleta manahodha wa majahazi hadi Mombasa na Lamu kwa karne nyingi. Kozi huyu huvuka zaidi ya kilomita 3,000 za bahari bila mahali pa kutua.

KWA NINI WAHESABIWE?

Mtu anaweza kuuliza: ndege wa porini si kuku wala mbuzi, hesabu yao itamsaidia nani? Jibu zuri linapatikana katika mlima mmoja ulioko jimbo la Pennsylvania, Marekani, unaoitwa Hawk Mountain.

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1930, watu walikuwa wakipanda mlima huo kila vuli kuwapiga risasi ndege wawindaji waliokuwa wakipita. Wengi waliamini kuwa ndege hao ni adui wa kuku na wanyama wadogo. Mwaka 1934 mwanamke aitwaye Rosalie Edge alikodi mlima huo, akapiga marufuku uwindaji na kumwajiri mlinzi, Maurice Broun. Pamoja na kulinda, Broun alianza kuandika kila ndege aliyepita.

Kwa miaka mingi daftari lake lilionekana kuwa jambo la kupendeza tu. Kisha likatoa ushahidi ambao haukutarajiwa. Kati ya mwaka 1935 na 1939, asilimia 40 ya tai wenye kichwa cheupe waliohesabiwa hapo walikuwa wachanga. Kati ya mwaka 1955 na 1959, wachanga walikuwa asilimia 20 tu. Tai wazima walikuwa bado wanaonekana angani, kwa hiyo mtazamaji wa kawaida asingetambua lolote. Ila watoto walikuwa hawazaliwi. Mwandishi Rachel Carson alitumia takwimu hizo katika kitabu chake cha mwaka 1962 kilichoonya juu ya dawa za kuua wadudu. Ilikuja kubainika kuwa dawa ya DDT ilikuwa ikifanya maganda ya mayai kuwa membamba hadi yakavunjika kabla ya kuanguliwa. Marekani ilipiga marufuku matumizi ya DDT mashambani mwaka 1972, na tai hao wakaongezeka tena.

Broun hakuanza kuhesabu kwa sababu ya DDT. Alipoanza, dawa hiyo ilikuwa haijaanza kutumiwa mashambani. Hesabu ilifaa kwa sababu ilikuwepo kabla ya tatizo. Baada ya ndege kupungua hakuna anayeweza kurudi nyuma kuhesabu waliokuwepo zamani.

Kenya nayo ina funzo lake. Kati ya mwaka 1970 na 1977, wataalamu waliendesha magari katika barabara za nchi wakiandika ndege wawindaji waliowaona. Hesabu za namna hiyo zilirudiwa kati ya mwaka 2003 na 2020. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba kati ya spishi 22 zilizochunguzwa, 19 zilikuwa zimepungua. Baadhi ya spishi hizo zilikuwa zimepungua kwa zaidi ya asilimia 90. Hali ilikuwa mbaya zaidi nje ya maeneo yaliyohifadhiwa.

Mzee aliyekuwa kijana miaka ya 1970 anaweza kusema kuwa zamani ndege walikuwa wengi, na kijana wa leo akadhani ni hadithi za wazee. Daftari za barabarani zilithibitisha kuwa mzee hakukosea.

JINSI YA KUHESABU

Kuhesabu hakuhitaji shahada wala mitambo. Kunahitaji mahali pazuri, muda, uaminifu na kurudia kwa njia ile ile.

Mahali. Pafaa pawe pa juu kidogo, penye upeo mpana, hasa kuelekea kaskazini ndege wanakotokea. Mlima au kilima chenye njia salama kinafaa, vilevile uwanja wa shule ulio wazi. Kwa kuwa zaidi ya nusu ya ardhi ya kaunti hii imo ndani ya hifadhi za Tsavo, na tembo na nyati hutoka nje mara kwa mara, wahesabuji wasijitenge vichakani. Wakae karibu na makazi au barabara, wawe wawili au zaidi, na wasiingie hifadhini bila ruhusa.

Muda. Tai na vipanga hungoja ardhi ipate joto, kwa hiyo safari yao hushika kasi kuanzia kama saa tatu asubuhi na kuendelea hadi alasiri. Kozi wanaweza kupita hata mapema au jioni. Siku yenye jua baada ya siku kadhaa za mvua huwa nzuri sana, kwani ndege waliokwama huondoka kwa pamoja. Miezi ya kuhesabu ni Oktoba hadi Desemba.

Vifaa. Daftari, kalamu, saa, kofia na maji ya kunywa ni vya lazima. Darubini ya mkononi husaidia sana, lakini kikundi kinaweza kutumia moja kwa zamu. Mtu mmoja atazame na kutaja, mwingine aandike. Anayetazama akiandika pia, ndege watampita akiwa ameinamisha kichwa.

Mstari. Hili ndilo jambo ambalo wengi hulisahau. Wahesabuji huchagua mstari wa kufikirika angani, kwa mfano kutoka mlingoti wa simu hadi ncha ya kilima. Ndege huhesabiwa mara moja tu, anapovuka mstari huo kuelekea kusini. Mwewe anayezungukazunguka juu ya soko au kichinjio siku nzima si msafiri, na akihesabiwa kila anapoonekana, mmoja atageuka kuwa ishirini.

Makundi. Ndege wengi wanapozunguka pamoja katika hewa inayopanda, kuwahesabu ni kazi bure kwa sababu wanapishana kila upande. Mhesabuji mwenye uzoefu husubiri. Wakifika juu, hutoka kwa mstari mmoja baada ya mwingine, na hapo huhesabika vizuri. Kundi likiwa kubwa mno, mhesabuji huhesabu kumi wa kwanza, hukadiria ukubwa wa kumi hao kwa jicho, kisha huangalia ni kumi ngapi zinazoingia katika kundi zima. Katika daftari aonyeshe kuwa hayo ni makadirio.

Uaminifu. Ndege asiyetambulika aandikwe "ndege mwindaji, aina haijatambuliwa". Kukisia jina ili daftari lionekane zuri ni kuharibu kazi yote. Vivyo hivyo, saa isiyo na ndege hata mmoja iandikwe sifuri. Sifuri ni habari. Daftari lenye siku za ndege wengi peke yake humdanganya atakayelisoma.

Kila saa iandikwe peke yake, pamoja na tarehe, majina ya waliohesabu, hali ya mawingu, upepo na mvua. Ukurasa mmoja unaweza kuonekana hivi (mfano wa kubuni):

Saa 3 hadi 4 asubuhi: jua, upepo mdogo. Tai wa nyika za Asia 2. Kozi wa Amur 0. Hawajatambuliwa 1.

Saa 4 hadi 5 asubuhi: mawingu machache. Tai wa nyika za Asia 7. Kozi wa Amur 30 (makadirio). Hawajatambuliwa 4.

Saa 5 hadi 6 mchana: mvua. Hakuna ndege. Sifuri.

KULINGANISHA HESABU

Tuseme kikundi cha kwanza kimehesabu ndege 60, na kikundi cha pili ndege 40. Ni wapi palipita ndege wengi zaidi? Haraka haraka mtu atasema kwa kikundi cha kwanza. Lakini kikundi cha kwanza kilikaa saa 6, na cha pili saa 2. Ukigawanya, kikundi cha kwanza kiliona ndege 10 kwa saa, na cha pili 20 kwa saa. Jibu limegeuka.

Ndiyo maana jumla peke yake haitoshi. Lazima iandikwe pamoja na muda uliotumika. Hesabu za barabarani hufuata kanuni hiyo hiyo, isipokuwa badala ya saa hutumia umbali, kwa kawaida idadi ya ndege kwa kila kilomita 100. Aliyeona ndege 12 katika kilomita 80 ana ndege 15 kwa kilomita 100. Walimu wa shule za msingi na sekondari watagundua kuwa hili ni somo la hisabati, sayansi na jiografia kwa wakati mmoja.

Pia, mwaka mmoja hausemi mengi. Mvua ikinyesha sana upande mmoja wa Tsavo, kozi wa Amur watahamia huko, na kituo cha upande wa pili kitapata wachache ingawa ndege hawajapungua. Ukweli huanza kuonekana baada ya miaka kadhaa ya kuhesabu mahali pale pale, miezi ile ile, kwa njia ile ile.

KUTAMBUA KWA UMBO

Ndege aliye mbali angani haonyeshi rangi. Huonyesha umbo. Anayeanza ajifunze kwanza maumbo manne.

Tai ana mabawa marefu na mapana, na ncha zake zimegawanyika kama vidole vya mkono ulionyooshwa. Huzunguka bila haraka.

Kozi ana mabawa membamba yaliyochongoka na mkia mrefu kiasi. Hupiga mabawa mara nyingi na kugeuka ghafla.

Mwewe ana mkia wenye pengo katikati, na huupindapinda anaporuka kama mtu anayeelekeza usukani.

Tumbusi ni mkubwa, mwenye mabawa mapana sana, kichwa kinachoonekana kidogo na mkia mfupi.

Baada ya hapo huja alama ndogo. Tai wa nyika za Asia aliye mchanga ana mstari mweupe unaopita katikati ya upande wa chini wa bawa, na akiwa karibu, pembe ya njano ya mdomo wake huonekana kufika hadi nyuma ya jicho. Dume la kozi wa Amur ni la kijivu iliyoiva, na chini ya mabawa kuna weupe unaong'aa anaporuka. Miguu yake ni myekundu yenye rangi ya chungwa. Jike ana kifua cheupe chenye madoadoa meusi.

HATARI ZILIZOPO HAPA NA KULE

Ndege anayehama hana serikali moja. Mwaka mmoja wa maisha yake humpitisha katika nchi nyingi, na uzembe wa mahali pamoja unaweza kufuta juhudi za kwingine.

Hatari kubwa nchini Kenya ni sumu. Mfugaji aliyepoteza ng'ombe kwa simba au fisi anaweza, kwa hasira, kumwaga dawa ya kuua wadudu juu ya mzoga. Aliyelengwa huenda asife, lakini tai na tumbusi wanaoshuka kula hufa kwa makumi. Dawa zinazonyunyiziwa kweleakwelea na sumu ya panya nazo huwafikia ndege wanaokula mawindo yaliyokwisha kudhurika. Nguzo za umeme zenye nyaya zilizokaribiana huua tai wakubwa, ambao mabawa yao hugusa nyaya mbili kwa pamoja. Kwa mitambo ya upepo, mahali inapojengwa ni jambo la kuchunguzwa mapema, na hapo pia hesabu ya ndege ndiyo inayoonyesha njia zao ziko wapi.

Kuna pia habari njema. Katika jimbo la Nagaland, kaskazini mashariki mwa India, kozi wa Amur hukusanyika kwa wingi mno kila Oktoba na Novemba karibu na bwawa la Doyang, wakila na kupumzika kabla ya kuvuka bahari. Mwaka 2012 ilibainika kuwa wenyeji walikuwa wakitandaza nyavu za samaki kwenye miti wanapolala ndege hao. Ilikadiriwa kuwa zaidi ya kozi 10,000 walikuwa wakinaswa kwa siku wakati wa kilele, kwa ajili ya kuuzwa kama kitoweo. Wengi wa ndege hao walikuwa njiani kuja Afrika.

Picha za mauaji hayo zilisambaa. Serikali, mashirika ya uhifadhi, makanisa na mabaraza ya vijiji, kikiwemo kijiji cha Pangti, walikaa chini na kukubaliana. Mwaka uliofuata, 2013, nyavu hazikutandazwa. Mwezi wa Novemba mwaka huo kozi watatu walifungwa vifaa vidogo vya setilaiti na kupewa majina ya Naga, Wokha na Pangti. Dunia iliwafuatilia wakivuka bahari hadi Afrika. Waliokuwa wawindaji wakawa walinzi, na wageni wakaanza kufika kuwatazama ndege.

Wanakijiji wa Pangti walikuwa na sababu ya kutaka nyama na fedha, kama mfugaji wa Taita Taveta alivyo na sababu ya kumkasirikia simba. Waliacha nyavu baada ya kuelezwa, kushirikishwa na kuona faida nyingine. Kozi anayenasa kumbikumbi juu ya shamba la Mwatate au Voi leo huenda alilala salama kwenye miti ya Nagaland wiki chache kabla. Na tai akilishwa sumu hapa, kiota kimoja huko Mongolia kitabaki tupu majira yajayo ya kuzaliana.

WAKAZI WANAWEZA KUFANYA NINI?

Kaunti hii si mgeni katika kazi ya kufuatilia ndege. Huko Ngulia, ndani ya Tsavo Magharibi, wataalamu na watu wa kujitolea wamekuwa wakiwavisha pete ndogo miguuni ndege wadogo wanaohama tangu mwaka 1969. Katika usiku wa ukungu usio na mbalamwezi mwezi wa Novemba na Desemba, ndege hao huvutwa na taa na kunaswa kwa nyavu laini, kisha huandikwa na kuachiliwa. Baadhi ya pete za Ngulia zimepatikana Mashariki ya Kati na Urusi. Kuvisha pete kunahitaji kibali na mafunzo maalumu. Kuhesabu kutoka chini kuko wazi kwa kila mtu.

Vyama vya wanafunzi shuleni, vikundi vya vijana, waongoza watalii, walinzi wa ranchi na madereva wa safari ndefu wanaweza kuanza kwa saa mbili kila Jumamosi kuanzia Oktoba hadi Desemba. Wenye simu za kisasa wanaweza pia kuingiza walichokiona katika mradi wa Kenya Bird Map, unaokusanya kumbukumbu za ndege kutoka pembe zote za nchi kwa msaada wa wananchi. Daftari la karatasi litunzwe pia, mahali pamoja panapojulikana, ili mwalimu au kiongozi wa kikundi akihama, hesabu isihame naye.

Anayekuta mzoga uliozungukwa na ndege au wanyama waliokufa asiuguse, azuie watoto na mbwa, na atoe taarifa mara moja kwa ofisi iliyo karibu ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) au kwa chifu. Anayeona ndege mwenye pete mguuni, akiwa amekufa, aandike namba na maneno yaliyochorwa juu ya pete na kuyafikisha KWS au Makavazi ya Kitaifa. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inawalinda ndege hawa, na kuwaua, kuwatega au kuwafuga bila kibali ni kosa. Mfugaji aliyeliwa mifugo na simba au fisi apige ripoti KWS na kufuata utaratibu wa fidia, wala asitumie sumu ambayo inaweza kumdhuru hata mbwa wake na watoto wake mwenyewe.

Mwaka wa kwanza daftari litakuwa na kurasa chache na makosa ya wanaojifunza. Mwaka wa tano litaanza kuonyesha ni wiki gani kozi wa Amur hufika na kilima gani tai hupenda kupitia. Mwaka wa ishirini linaweza kuwa ushahidi pekee uliopo wa jinsi anga la Taita Taveta lilivyokuwa, na wa mwaka ambao mambo yalianza kubadilika. Hesabu hiyo haiwezi kuandikwa baadaye na mtu ambaye hakuwepo. Mvua za kwanza za vuli zikinyesha na kumbikumbi wakianza kutoka, ndio wakati wa kufungua ukurasa wa kwanza.